Chumba cha Barking au cha Bethnal Green? Nauli za London kwa mwenye zamu ya alfajiri

Mgeni, East Ham kwa muda

Salaam alaikum ndugu zangu. Nina wiki mbili London, nimetoka Mombasa. Nimepata kazi ya usafi wa maofisi Aldgate, saa 11 alfajiri mpaka saa 2 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Kuna vyumba viwili: cha Bethnal Green, ghali, na cha Barking, nafuu sana. Watu wananiambia "zoni 2, zoni 4" nami nababaika. Nikihamia mbali, nauli haitakula kile nilichookoa kwenye kodi?

Re: Dada yenu, Barking

Wa alaikum salaam, karibu mdogo wangu. Zoni, yaani miduara ya jiji wanayopangia nauli, ni habari ya treni. Basi halina zoni: utoke Barking au Bethnal Green, nauli ni ile ile (mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75), na ndani ya saa moja tangu ugonge kadi kwenye mashine ya basi mara ya kwanza unabadilisha mabasi bila kulipa tena. Pesa taslimu hawapokei tangu 2014, kwa hiyo usiende na sarafu mkononi.

Na kwa saa zako huna budi kuzoea basi, maana usiku wa siku za kazi treni za chini ya ardhi zimelala. Panda basi la usiku, N15. Inapita Barking, East Ham, Limehouse, inakufikisha Aldgate. Mimi hunichukua kama dakika 50. Saa 10 alfajiri ghorofa ya juu ya basi imejaa sisi: sare kwenye mfuko wa plastiki, chupa ya chai mapajani, kina mama wamelaza kichwa kwenye kioo na bado wanaamka kituo chao bila kukosea. Wenye mabenki wakiingia saa 2, meza zinang'aa na mapipa ni matupu. Jiji hili linaamshwa na abiria wa mabasi ya usiku, na naomba kila mgeni alijue hilo asijione mdogo.

Kurudi, ukitaka treni, angalia saa. Kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi nauli ni ya juu. Wewe unatoka saa 2, katikati kabisa. Rudi kwa basi.

Jambo moja lililonitia hasara: asubuhi niligonga kwa simu, jioni kwa kadi ya benki. Akaunti ni moja, lakini mashine inahesabu wasafiri wawili, na kile kikomo cha malipo ya siku, ambacho ukikifikia hukatwi zaidi, hukifikii. Shika kimoja tu, wiki nzima. Kwenye treni gonga kuingia na kutoka, ukisahau wanakukata nauli ya juu kabisa. Kwenye basi ni kuingia tu.

Chukua Barking.

Re: Kaka, Tottenham

Naongeza kwa anayefikiria kununua kigari cha bei rahisi aende nacho zamu. Tangu Agosti 2023 ada ya hewa chafu, ULEZ, inashika London yote: pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilofikia kiwango, hasa dizeli za kabla ya 2015. Na siku yao inaisha saa 6 usiku. Ukitoka saa 4 usiku ukarudi alfajiri, umelipa siku mbili. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, kabla hujatoa hata pauni moja.

Re: Mgeni

Mungu awalipe. Nimemwambia mwenye chumba cha Barking nakichukua. Jumapili alfajiri nitapanda N15 kujaribu njia.

Re: Dada yenu, Barking

Jumapili haitakufaa, ratiba ya wikendi ni nyingine. Jaribu Ijumaa alfajiri. Kaa juu, upande wa kushoto, mimi nitakuwa hapo na kitenge cha kijani.