Noah ileile, bei nne tofauti za bima kubwa: nishike ipi?

MamaShughuli (Kimara)

Habari za jioni wakuu. Wakubwa, shikamooni.

Naombeni mnisaidie kabla sijatoa hela, maana bima inaisha Ijumaa na kichwa kimeshachemka. Nina Toyota Noah ya mwaka 2006, namba D. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli: harusi, misiba, vikao vya ofisi. Gari ndilo linalobeba sufuria, mitungi ya gesi na vijana wawili wanaonisaidia. Jumapili linanipeleka kanisani kama gari la mtu yeyote.

Kampuni niliyo nayo tangu ninunue gari imeniletea meseji ya kuhuisha: 743,400. Nikapiga simu kuuliza wamefikaje hapo. Dada akanisomea: thamani ya gari milioni 18, asilimia tatu na nusu ni 630,000, weka na VAT. Nikamwambia dada yangu, milioni 18 ni siku nilipolichukua kwa muuzaji, viti bado vina nailoni. Leo lina michubuko ya mageti yote ya Kimara, na mlango wa pembeni ukiufungua unatoa sauti majirani wanajua nimerudi. Akanijibu, "Mama, mfumo ndio unaonyesha hivyo." Mfumo! Gari linazeeka kila mwaka, kwenye karatasi zao bado ni bibi harusi.

Bei ya pili nimepewa na wakala wa WhatsApp: 495,600. Hakuomba hata picha. Yeye thamani kaweka milioni 12. Kwanza nilifurahi, halafu nikaanza kuogopa, kwa sababu sioni hiyo milioni sita imeenda wapi, na wala hakuna aliyekuja kuliona gari.

Ya tatu ni ya broka mmoja mjini. Huyo ni mtu wa maswali: nani anaendesha, leseni ya lini, gari linalala wapi, linafanya kazi gani. Nikamwambia ukweli kuhusu sufuria. Akarudi na karibu laki tisa na nusu, eti ni daraja la biashara. Nikamrudia yule wa WhatsApp kumuuliza mbona yeye hakuuliza kazi ya gari. Jibu lake: "Mama, sisi tunaandika binafsi, nani atajua?"

Ya nne sijui hata kama niihesabu. Kijana wa kijiweni karibu na stendi ananiambia stika ya mwaka mzima 70,000, "na inasoma mpaka kwa trafiki".

Kinachoniuma zaidi, miaka yote hii kampuni haijanilipa hata shilingi. Mwaka jana bajaji ilinigonga Manzese, taa ya nyuma ikavunjika na mlango ukakunjika. Trafiki alikuja akapima, tukaandikiwa. Fundi akasema 380,000. Kampuni yangu wakanijibu eksesi, yaani sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe kabla wao hawajalipa, ni laki tano, kwa hiyo hasara yote ni yangu. Sawa. Lakini kama sijawahi kulipwa, punguzo la mteja mwema liko wapi? Nimeuliza, nimeambiwa tena mfumo.

Wajuvi, nishike ipi?

MzeeWaMagomeni

Binti, unajisumbua bure. Kata bima ndogo, 118,000 na VAT ndani, trafiki hakugusi. Hiyo laki sita inayobaki weka benki kila mwaka. Baada ya miaka mitatu una karibu milioni mbili, unajitengenezea mwenyewe bila kumwomba mtu. Mimi nina Corolla tangu enzi hizo na sijawahi kununua bima kubwa. Kampuni za bima zinajua kupokea.

MamaShughuli (Kimara)

Shikamoo mzee wangu. Hesabu yako naiona, na kwa Corolla ya kwenda msikitini na kurudi ningekuunga mkono. Ila bima ndogo inamlipa niliyemgonga, mimi mwenyewe hainipi kitu. Noah hii ikiibiwa Jumamosi saa nne asubuhi ikiwa na sufuria za watu mia tatu, hizo milioni mbili zitaninunulia mlango na usukani. Mzee, hilo gari ndilo ofisi.

AliachaUwakala (Mwanza)

Mama, shikamoo. Niliuza bima miaka kadhaa kabla sijahamia kwenye dagaa, kwa hiyo leo sina kampuni ya kutetea.

Umekuwa ukilinganisha bei, na hapo ndipo wanapokuchanganya. Kwa gari binafsi, asilimia karibu ni ileile kila utakapokwenda. Mamlaka ya bima, TIRA, imeweka sakafu, yaani kiwango ambacho kampuni haitakiwi kushuka chini yake, na ukiangalia bei zako mbili za kwanza zote ni tatu na nusu. Chukua milioni 18 au milioni 12, zidisha, ongeza VAT ya asilimia 18, unapata hizohizo namba zako. Kwa hiyo yule wa WhatsApp hajakupunguzia kitu, kakupunguzia gari. Na punguzo lako la kutodai ndiko lilikokwama: ukishakuwa kwenye sakafu, halina pa kushukia. Wangekwambia hivyo badala ya kusingizia mfumo, lakini yule dada wa simu pengine naye hajaambiwa.

Sasa thamani. Tuseme Noah kama yako leo inauzwa milioni 15. (Usichukue namba yangu. Pita yadi mbili tatu, uliza Noah ya mwaka wako na hali yako, na usiseme ya kwako inauzwa.) Ukiikatia milioni 18 halafu ikaibiwa, hawatakupa 18. Watakulipa bei ya soko ya siku hiyo, yaani 15. Ile milioni tatu ya juu umeilipia kila mwaka na huipati.

Ukiikatia milioni 12, balaa linakuja upande wa pili. Umegongwa, matengenezo ni milioni tatu. Mkaguzi anasema gari lina thamani ya 15, wewe umelikatia 12, maana yake asilimia 20 umebaki nayo mwenyewe. Milioni tatu inakuwa 2,400,000. Toa eksesi ya laki tano, unaondoka na 1,900,000, na gereji bado inakudai 1,100,000. Nimewaona wateja wakilia mezani kwangu kwa hesabu hii hii, na karatasi yenye sahihi yao ipo pale.

Kwa milioni 15 bima yako ni 525,000, na VAT 619,500. Ipeleke kwa kampuni yako ya sasa kwa maandishi, uombe wakague gari upya. Mfumo haujazi thamani wenyewe, kuna mtu anaandika, na ni haki yako kumwambia abadilishe.

Kuhusu sufuria, hapo ndipo pa kutulia zaidi ya bei. Kwenye karatasi zako za bima tafuta kifungu cha mipaka ya matumizi. Bima nyingi za gari binafsi zinakuruhusu kwenda kwenye mizunguko yako, hata ya kikazi, lakini zinakataa kubeba mizigo ya biashara, na abiria wa kulipa ndiyo kabisa. Siku ya ajali mkaguzi atakuta wali barabarani, na hapo yule wa "nani atajua" hapokei simu. Broka wako wa tatu ndiye pekee aliyefanya kazi yake. Ila muulize daraja gani hasa kakuweka. Kubeba mzigo wako mwenyewe na kubeba mzigo au abiria wa watu kwa malipo ni vitu viwili tofauti, na bei zake tofauti. Sitashangaa kama kakuweka kwenye la pili.

BintiMakorora (Tanga)

Dada, huyo kijana wa 70,000 mkimbie. Bima ndogo yenyewe halali ni 118,000, sasa yeye hiyo 48,000 kaitoa wapi? Siku hizi askari haangalii karatasi ya kiooni, anaingiza namba ya gari kwenye simu. Na wewe unaweza kuingiza mwenyewe kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA wa kuhakiki stika, utaona kama stika ipo, ya kampuni gani na inaisha lini. Jirani yetu hapa alisimamishwa Hale na stika nzuri kabisa, inang'aa, ikawa haisomi popote.

Halafu uliza mafuriko. Wewe unapita Jangwani na mvua za Dar unazijua, zile za El Niño watu walipoteza magari. Zipo bima kubwa zinazolipa gari lililofuatwa na maji likiwa limepaki, ila ukiliingiza mwenyewe kwenye maji injini ikanywa, wanakugomea. Na gari likichomwa kwenye ghasia za kisiasa, mara nyingi hicho ni kipengele cha kulipia pembeni.

MzeeWaMagomeni

Mwanza umeeleza vizuri, nakubali. Lakini bado hujamwambia kuhusu spea. Wakikufungia taa mpya kwenye gari la 2006 wanakukata kwa sababu umepata kipya badala ya kikuukuu. Shemeji yangu yalimkuta.

AliachaUwakala (Mwanza)

Kweli mzee, hilo lipo, na ni la kuuliza kabla ya kulipa: gari likishafika umri huu mnakata asilimia ngapi kwenye spea? Wengine watakubali spea za mtumba kutoka maduka ya Gerezani, Dar, ili usikatwe.

Mama, nina swali. Ile bajaji ya Manzese ilikuwa na stika?

MamaShughuli (Kimara)

Ilikuwa nayo, namba nina picha yake. Kwani inanihusu nini, si niliambiwa eksesi?

AliachaUwakala (Mwanza)

Eksesi ni ya bima yako, mama. Bajaji ndiyo iliyokugonga, na bima yake ndogo kazi yake ni kulipa mali ya mtu wa pembeni, ambaye ni wewe. Ile 380,000 ulitakiwa kuidai kwa kampuni iliyokatia bajaji, ukiwa na ripoti ya polisi na ule mchoro wa ajali. Waliokujibu kwamba hasara ni yako wamekupa nusu ya jibu. Muda umepita na wanaweza kukuletea ubishi kwa kuchelewa, lakini andika barua, ambatisha ripoti na risiti ya fundi, na nakala yako waigongee muhuri wa kupokea. Wakikaa kimya au wakikataa bila sababu, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na yeye kitu cha kwanza atakachokuuliza ni hiyo barua.

MamaShughuli (Kimara)

Jamani. Nimeingiza namba ya bajaji sasa hivi. Inasoma, ina bima hai, na kampuni ni ileile yangu. ILEILE. Nilikaa kwenye kiti chao, nikaambiwa mama pole, eksesi, kumbe bajaji nayo ni mteja wao! Sijui hata nicheke au nifanyeje.

BintiMakorora (Tanga)

Hiyo inaonyesha bima ya sasa, dada. Hakikisha na siku ya ajali alikuwa kwao. Kwenye ripoti ya polisi huwa wanaandika namba ya stika.

MamaShughuli (Kimara)

Nimeitafuta kwenye faili la risiti za gesi. Imeandikwa, ni wao.

Haya, nimefanya hivi. Nimewaandikia kampuni kwamba thamani ni milioni 15 na waje wakague. Nimeuliza yadi ya Ubungo na ya Mwenge, zote zimetaja humo humo, mmoja akataka kuinunua. Barua ya bajaji nimeitenganisha, isije ikaonekana nafanya biashara ya kubadilishana. Na broka nimempigia. Swali la Mwanza lilimpata: alikuwa ameniweka daraja la kubeba mizigo ya watu kwa kukodishwa. Nikamwambia baba, mimi sikodishi gari, wali ni wangu, sufuria zangu na vijana wangu. Akasema basi kuna daraja la mizigo yako mwenyewe, na kwa milioni 15 bei inashuka sana kutoka ile laki tisa na nusu. Itabaki juu kidogo ya binafsi. Ananiandikia kesho, na ameahidi kwamba kubeba vyakula na vyombo vya shughuli kutatajwa kwa maneno.

Nadhani nitakwenda na yeye, hata kama kampuni yangu watanipa 619,500. Tofauti hiyo naweza kuitoa kwenye sherehe moja, bora nisilale na wasiwasi wa mkaguzi na wali.

Swali la mwisho: broka anasema nimtumie hela kwenye namba yake ya simu ili Ijumaa isinipite. Ni sawa?

AliachaUwakala (Mwanza)

Hapana, hata kama ni mtu mwema. Mwombe akaunti ya kampuni yenyewe na ulipe huko, udai na risiti. Bima haianzi mpaka kampuni ipokee hela, na hela iliyolala kwenye simu ya broka haijafika kampuni. Ukilipa Alhamisi asubuhi, jioni ingiza namba ya gari lako kama ulivyoingiza ya bajaji. Isiposoma, Ijumaa usilitoe nyumbani, kodi kirikuu.