Nimepewa barua ya "haki ya kushtaki", kumbe mahakama nilishanyang'anywa siku ya kwanza ya kazi

Wakuu, salaam. Kuna watu humu hawachoki kusema kwamba Marekani ukibaguliwa dukani, uwe mteja au mfanyakazi, unakimbilia mahakamani na baada ya muda mfupi umevuna mamilioni. Wengine wanatuita walalamishi tunaotafuta hela za bure. Leo nina hasira, naomba mnisome mpaka mwisho.

Nipo Ohio. Nimebeba boksi miaka kadhaa, minne kati ya hiyo kwenye duka kubwa la vitu vya nyumbani, jina silitaji. Nilianza keshia, baadaye nikawa ndiye ninayefundisha makeshia wapya: bidhaa iliyorudishwa bila risiti unaipokeaje, droo ya pesa unaifungaje usiku hesabu itoke hadi senti. Watatu niliowafundisha kwa mkono wangu ni wasimamizi wa zamu sasa hivi. Nafasi hiyo niliiomba mara nne. Mara ya nne meneja akanitazama usoni, akasema wateja wanapata shida na lafudhi yangu. Lafudhi hiyohiyo ndiyo iliyowafundisha kazi hao wanaonipangia zamu!

Nikafuata ngazi kama tulivyolelewa. Nikaandika kwa idara ya utumishi ya kampuni, wakajibu kwa upole kwamba wanachunguza. Mwezi, miezi mitatu, sita. Hakuna aliyenidokeza kwamba siku zangu zinakatika. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inataka lalamiko lifike kwenye tume ya shirikisho ya usawa wa ajira, EEOC, ndani ya siku 180, au 300 kwa majimbo yenye chombo chake cha kushughulikia ubaguzi kama Ohio. Na siku zinaanza kuhesabiwa ulipoambiwa uamuzi, hazisubiri kampuni imalize "kuchunguza". Mimi nilifika siku ya 271. Wangapi wamefika siku ya 301 wakaambiwa warudi nyumbani?

Baadaye tume ikaniletea barua: una haki ya kushtaki, una siku 90. Jamani, nililia kwa furaha. Nikamtafuta mwanasheria. Hakuniuliza nilifanyiwa nini. Aliuliza, "Siku unaajiriwa ulisaini nini?" Nikamwambia sikusaini kitu. Akawaandikia kampuni, wakamrudishia karatasi moja: jina langu, tarehe, saa 3:42 asubuhi, na neno "Amekubali".

Hapo nikakumbuka. Chumba cha nyuma, jirani na mashine ya kubana maboksi, kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi. Video ya kunyanyua mzigo, fomu ya kodi, sheria za mavazi, na mengine mengi. Kila ukurasa una kitufe chini, usipokibofya huendi mbele. Na msimamizi kasimama mlangoni ananiuliza kama bado, maana foleni imefika kwenye mapazia. Katikati ya kurasa zile ndimo nilimoiachia mahakama.

Nilichokubali kinaitwa usuluhishi wa lazima, kwa Kiingereza "arbitration": mgogoro wako unaamuliwa na msuluhishi badala ya mahakama. Msifananishe na CMA ya nyumbani Tanzania, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ile ni taasisi ya umma. Huu ni wa faragha: hakuna jaji, hakuna jopo la raia, kwa kawaida ada ya msuluhishi hulipwa na kampuni, na akikosea, njia ya kukata rufaa ni nyembamba kama uzi wa sindano. Tena unakwenda peke yako. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, kwenye shauri la Epic Systems, iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba mwajiri anaruhusiwa kumfunga mfanyakazi kwa mkataba wa namna hiyo, asiungane na wenzake.

Na hata ambao hawakubofya chochote, kuungana kwao kuna mlima. Betty Dukes alikuwa mfanyakazi wa Walmart kule Pittsburg, California. Mwaka 2001 yeye na wenzake walishtaki kwa niaba ya wanawake wanaokadiriwa kufika milioni 1.5. Takwimu zilizofika mahakamani zilionyesha wanawake walishika asilimia 70 ya kazi za kulipwa kwa saa, lakini kwenye umeneja walikuwa asilimia 33 tu. Miaka kumi ya kesi! Juni 2011 Mahakama ya Juu ikasema hawawezi kwenda pamoja, kwa sababu kila meneja aliamua kwa utashi wake na hakuna sera moja iliyowaunganisha. Yaani kampuni ikiwaachia maelfu ya mameneja wabague kila mmoja kivyake, ukubwa wa tatizo unageuka kuwa kinga yake. Dukes alifariki 2017.

Mtaniambia, mbona yule binti wa hijabu alishinda? Kweli, Samantha Elauf alinyimwa kazi na duka la nguo la Abercrombie & Fitch kule Tulsa mwaka 2008, na 2015 Mahakama ya Juu ikawa upande wake, majaji 8 kwa 1. Lakini tazameni nani alifungua kesi: ni EEOC yenyewe. Tume haifungwi na mkataba wa usuluhishi alioukubali mfanyakazi, hilo liliamuliwa tangu 2002. Tatizo ni kwamba tume hufungua kesi chache mno, sisi wengine tunapewa barua. Bunge la Congress lilipoamka 2022 likafungua mlango wa mahakama kwa kesi za unyanyasaji wa kingono peke yake. Lafudhi, rangi, dini, umri, bado tumefungiwa nje.

Na hayo mamilioni? Kwa ubaguzi wa asili ya taifa kama wangu, fidia ya maumivu na ya adhabu zikijumlishwa hazivuki dola 300,000, tena kwa kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 500. Kiwango kiliwekwa 1991, hakijaguswa mpaka leo. Wapo wanaoishi kwa kushtaki viduka vidogo, hasa California, na wenye maduka hayo wanaumia, sibishi. Basi wabanwe hao. Mimi kosa langu nini?

Wateja nao msijidanganye. Sehemu ya sheria ya 1964 inayokataza ubaguzi kwenye maeneo ya umma inataja hoteli, migahawa, majumba ya sinema, vituo vya mafuta. Duka la kawaida la nguo halimo. Inabidi urudi kwenye sheria ya 1866 inayolinda haki ya kufanya mikataba, na mahakama nyingi zimeshasema kwamba mlinzi akikufuata kila kona lakini mwisho ukalipa ukaondoka na mzigo wako, hakuna mkataba ulionyimwa. Mwanangu ana miaka kumi na sita, akiingia dukani mikono anaitoa mfukoni kabla hajavuka mlango. Sikumfundisha mimi.

Leo ni siku ya 38 tangu barua ifike. Aliyepitia usuluhishi dhidi ya duka lolote huku aniambie ukweli: nani alimchagua msuluhishi, ilichukua muda gani, na mwanasheria alilipwaje. Hata inbox nitashukuru. Na wewe unayeanza kazi wiki hii, ukifika kwenye ukurasa wenye neno "arbitration", piga picha ya skrini hapohapo. Baadhi ya mikataba inakupa siku 30 za kujitoa kwa maandishi, wa kwangu ulikuwa nazo.