WAMEMPOKONYA MAMA YANGU KIKOMBE SABASABA!! Hawa jamaa wamejisahau

Binti wa Utete (mleta uzi)

Wakuu, naandika nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, herufi zikikosewa mnisamehe. Natoka Sabasaba sasa hivi. Mods msiupeleke huu uzi kwenye vichekesho, sitanii hata kidogo.

Siwataji. Mnawajua. Wale wenye banda lenye spika za kupasua kuta za Temeke nzima, fulana rangi ya kuumiza macho, kila mwaka kipaza sauti "karibuni muonje bure, karibuni muonje bure". Ndio hao hao.

Bi mkubwa wangu kaja juzi kutoka Rufiji. Haya maonyesho anayasikia redioni tangu mimi sijazaliwa. Kavaa doti mpya ya kanga, kaamka alfajiri kama anaenda kuposa. Tumeshuka Barabara ya Kilwa saa nne, tumepanga foleni ya geti jua linachoma mpaka utosini, hajalalamika. Tumeingia kwa watu wa maliasili akamwona simba, akasema mnyama kakonda apewe chakula. Kwa Wazanzibari kanunua karafuu na mdalasini. Kwa Magereza kakalia sofa zote, moja baada ya moja, na askari wakamwita mama na kumcheka vizuri. Mpaka hapo siku ilikuwa yake.

Tukafika kwa hao jamaa.

Sinia limepangwa vikombe vya juisi. Kikombe chenyewe sasa! Kidogo kama kifuniko cha soda, sisimizi akitumbukia humo anavuka ng'ambo kwa miguu. Bi mkubwa akachukua kimoja, kwa adabu, kwa mkono wa kulia. Kabla hajakifikisha mdomoni, kijana wa fulana akanyoosha mkono AKAKIPOKONYA. "We bibi, hebu lete." Akageuka, akampa jamaa wa tai mwenye kitambulisho shingoni aliyesimama nyuma yetu. "Karibu bosi."

Kikombe kile kile wakuu. Kilikuwa kimeshapata joto la mkono wa mama yangu.

Yeye akabaki ameshika hewa, vidole bado vimekunjwa vile vile. Na aliyeomba radhi ni nani? Mama yangu! "Nisamehe baba, sikujua." Hakujua nini? Hakujua NINI? Na mkono wa pili ulikuwa unafungua pindo la kanga, ana elfu ishirini yake humo, alitaka kununua katoni awapelekee wajukuu!

Mpaka sasa amekaa siti ya dirishani hasemi kitu. Nikimwangalia mkono naona kikombe.

---

Mzee wa Tandika

Pole sana binti. Hao nawajua, na nilijua ni hao kabla sijamaliza aya ya kwanza. Mimi walinipa kikombe kimebaki tone moja, nilivyouliza nikaambiwa ninuse kwanza nisikie ladha.

Dogo Mtoni

Chai hii, ongeza tangawizi. Simba, sofa, elfu ishirini pindoni, daladala... weka picha ya kikombe.

Binti wa Utete

Nipige picha saa ngapi wakati kikombe kimepokonywa?! Kwenu mtu akimvua mama yako kiatu unatafuta kwanza kamera?

Dogo Mtoni

Punguza makasiriko dada. Juisi ya bure imekufanya uandike kama umedhulumiwa kiwanja.

Muuza Vitenge Kkoo

Tatizo mnaita ya kimataifa halafu mnaenda kununua sufuria na kuonja juisi. Mimi nimefika Guangzhou, China, kwenye maonyesho yao ya Canton Fair, yapo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Yana awamu tatu, maana bidhaa zote haziwezi kuingia kwa mkupuo: mashine na vya umeme wana siku zao, vyombo vya nyumbani zao, nguo zao. Unatembea ukumbi mmoja asubuhi mpaka jioni miguu inavimba na hujafika nusu. Hapo hauziwi kimoja kimoja. Unachukua katalogi, unaomba sampo, mnaongea kiasi cha chini cha oda, keshokutwa unapelekwa kiwandani. Kila mtu ana kitambulisho shingoni, na hakuna anayekuuliza umevaa tai au kandambili, wanauliza unabeba kontena ngapi.

Binti wa Utete

Umejibu mwenyewe mkuu! Mwenye pesa alikuwa bi mkubwa! Yule wa tai alikunywa akaondoka, hakununua hata mrija. Nilimwangalia mpaka mwisho.

Muuza Vitenge Kkoo

Elfu ishirini siyo kontena dada.

Mwalimu Mstaafu

Samahani mleta uzi, ni MAONESHO. Jina rasmi ni Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam. Kuonesha kunatokana na kuona. Kuonya ni jambo jingine.

Mpwa wa Chumbageni

Mwalimu, sisi Tanga tumezaliwa tukisema kuonyesha, na bibi zetu walisema kuonyesha. Nani kakiuliza Kiswahili ruhusa ya kuhama?

Mzee wa Tandika

Jamani mama wa watu kadhalilishwa nyie mnagombania y. Na siku yenyewe ni leo, Sabasaba, siku ilipozaliwa TANU, 7 Julai 1954. Sisi tumekua tukiiita Sikukuu ya Wakulima kabla wakulima hawajahamishiwa Nane Nane. Umesema mama anatoka Rufiji, analima?

Binti wa Utete

Mpunga mzee wangu. Maisha yake yote. Mkono uliopokonywa kikombe ndio umenisomesha mimi, nazungumzia mkono huo huo.

Mzee wa Tandika

Basi wamempokonya mkulima kikombe siku ya mkulima. Nimekasirika upya.

Mgogo Halisi

Afadhali nyie mna vikombe. Njooni Nane Nane, Nzuguni Dodoma, mwezi wa nane na ule upepo. Vumbi linaonjwa bure na halina foleni. Nilienda kutafuta mbegu za alizeti, nikazunguka mabanda kumi na tano, yote yanagawa vipeperushi vya mbegu, mbegu hakuna. Nikarudi nyumbani na kilo mbili za karatasi.

Mpwa wa Chumbageni

Vipeperushi tu? Mimi nilipewa kalamu isiyoandika na kofia isiyoingia kichwani. Nilijaza fomu nne, namba ya simu kila fomu. Mpaka leo wananipigia niwe wakala.

Dogo Mtoni

Hao wa kupiga simu mimi wameniamsha leo, SIKUKUU, saa moja asubuhi!!! Tuwaanzishie uzi wao.

Mwalimu Mstaafu

Mpwa, usikwepe hoja. "Onya" + "esha" inakupa nini?

Mpwa wa Chumbageni

Inanipa bibi yangu mwalimu.

Binti wa Utete

Tumeshuka Mbagala. Bi mkubwa kaongea kwa mara ya kwanza tangu pale, kaniuliza "kwani vilikuwa vya wageni?" Wakuu nimeshindwa kumjibu. Wamempokonya kikombe na bado anatafuta kosa lake. Kesho narudi kwenye lile banda, namtafuta yule kijana, fulana ile naiona hata gizani.

Dogo Mtoni

Ukirudi niletee kimoja.

Mama Pacha wa Chanika

Pole mdogo wangu, mpe mama pole zangu. Ila umetaja sofa za Magereza. Za kona zipo? Mbao gani, mninga au mkongo?

Mzee wa Tandika

Niliyoona mimi ni mninga. Nzito, wanaume wanne.

Mama Pacha wa Chanika

Na zinafunguka au zinabebwa nzima? Mlango wangu mwembamba, friji lilipita kwa kuvunja fremu, baba mwenye nyumba hajanisamehe.

Mgogo Halisi

Baba mwenye nyumba wako ana afadhali. Wangu kapandisha kodi juzi kwa sababu nimeweka dishi.