Kumshusha Ramesses wa Pili kwa miaka 300: hoja inakwama wapi hasa?

mpenda_magofu
Wakuu, salaam. Nafuatilia hoja aliyoitoa David Rohl, mtaalamu wa Misri ya kale, mwaka 1995, kwamba kronolojia (mpangilio wa miaka) ya Misri ya kale imerefushwa, na kwamba Nasaba ya 21 na ya 22 za mafarao zilitawala sambamba kwa muda badala ya kufuatana. Nguzo yake kubwa ni Shishaki wa 1 Wafalme 14:25, aliyepanda juu ya Yerusalemu mwaka wa 5 wa Rehoboamu. Tangu Champollion, msomi aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale, alipofika kwenye hekalu la Karnak mwaka 1828, Shishaki huchukuliwa kuwa ni farao Shoshenq wa Kwanza. Rohl anasema ni farao Ramesses wa Pili, hivyo Ramesses anatoka karne ya 13 KK na kuangukia ya 10. Na kweli, orodha ya miji ya Shoshenq pale Karnak haionyeshi jina la Yerusalemu. Sasa tukimwondoa Shishaki, ni kitu gani kinamzuia Ramesses asishuke?

KibaoChaUdongo
Mkuu, hapo kwenye Yerusalemu Rohl kagusa penye udhaifu kweli, ingawa majina kadhaa ya orodha ile yameharibika, na kipande cha jiwe chenye jina la Shoshenq kilipatikana Megido. Lakini Ramesses hajafungwa kwa kamba ya Shishaki peke yake.

Anzia Ashuru. Kila mwaka uliitwa kwa jina la ofisa mmoja, na orodha ya maofisa hao haina pengo kuanzia 910 hadi 649 KK. Katika mwaka wa Bur-Sagale imeandikwa kwamba jua lilipatwa mwezi wa Simanu. Hiyo ni Juni 15, 763 KK. Kutoka hapo unapanda kwa orodha ya wafalme, ukijumlisha miaka ya kila mmoja, hadi Ashur-uballit wa Kwanza, karne ya 14 KK. Mashaka yake ni ya miaka michache tu. Huyu aliandikia Misri barua mbili, namba 15 na 16 kati ya zile za Amarna (barua za wafalme kwa mafarao, kwenye vibao vya udongo), zama za farao Akhenaten au karibu sana naye. Kati ya Akhenaten na Ramesses kuna kama miaka 60. Ukimshusha mmoja, mwingine anafuata, na Ashur-uballit anabaki juu bila mtu wa kumwandikia.

Rohl anajua hilo. Jibu lake ni kwamba huyo ni Ashur-uballit mwingine, kwa sababu kwenye barua ya 16 anamtaja Ashur-nadin-ahhe kuwa baba yake, wakati orodha inasema baba yake ni Eriba-Adad. Ila neno lenyewe ni *abu*, ambalo ni baba na pia ni mzee wa ukoo aliyetangulia, na Ashur-nadin-ahhe wa Pili yumo kwenye orodha, kabla tu ya Eriba-Adad. Kwa neno hilo moja unabuni mfalme mkubwa wa Ashuru ambaye hayumo popote kwenye orodha? Halafu bado utabaki na Hattusili wa Tatu wa Wahiti, aliyefanya mkataba na Ramesses mwaka wa 21 wa utawala wake, na akaandikiana na Kadashman-Enlil wa Pili wa Babeli. Naye utamtafutia pacha?

pete_za_mti
Naongezea upande wa kaboni 14, ile inayopungua polepole kwenye kitu kilichokufa na hivyo kuonyesha umri wake. Tofauti ya miaka 300 ni kama asilimia 3.6 ya kaboni 14 iliyobaki kwenye sampuli. Maabara nzuri hupima kwa usahihi wa asilimia 0.3 hivi, sawa na miaka 25. Hiyo 3.6 haijifichi.

Utafiti wa 2010 wa Bronk Ramsey na wenzake ulitumia sampuli 211 za mimea ya muda mfupi (mbegu, matete, vikapu, nguo za kitani) zilizohusishwa na utawala wa mafarao mahususi. Ilionekana kwamba Ufalme Mpya, zama za kina Akhenaten na Ramesses, ulianza kati ya 1570 na 1544 KK. Kwa Rohl ungepaswa kuwa karne ya 13 au baadaye.

mpenda_magofu
Lakini si kaboni hukosea?

pete_za_mti
Hukosea, na makosa yake yanajulikana. Boriti hutoa umri wa pete iliyopimwa, si wa siku mti ulipokatwa, kwa hiyo moyo wa mti mkubwa unaweza kuzidisha karne. Lami ya kuhifadhia maiti haina kaboni 14 kabisa, na kila asilimia 1 yake inaongeza kama miaka 80. Ndiyo maana walikwepa mbao na maiti. Ili Rohl awe sahihi, mbegu, matete na kitani vyote vichafuliwe kwa kipimo kilekile.

KibaoChaUdongo
Na usidhani wataalamu wanaogopa kusogeza miaka. Hammurabi, mfalme wa Babeli, ana tarehe tatu za kuanza kutawala: 1848, 1792 na 1728 KK. Zimetokana na kibao chenye kumbukumbu za nyota ya Zuhura cha zama za Ammisaduqa, mfalme wa Babeli baada yake, kwa kuwa mwenendo wa nyota hiyo hujirudia karibu sawa baada ya miaka 56 au 64. Pengo lenyewe, yaani miaka isiyohesabika kwa uhakika, liko baada ya Wahiti kuiteka Babeli, ambako maandishi ni haba. Barua za Amarna zimekuja baada ya pengo hilo, kwa hiyo uchague tarehe yoyote kati ya hizo tatu, Ramesses hasogei.