Wakuu, nakwama lugha Xiaohongshu, nifanyeje?

Kaka Mdadisi (mleta uzi): Habari za humu wakuu. Niko Xiaohongshu, ule mtandao wa Wachina. Kichina sijui hata salamu, naishi kwa programu ya kutafsiri. Kuna dada mmoja tunaelewana sana, ila kuna sentensi zinamfikia zikiwa vichekesho. Mwenye kujua programu nzuri anitajie, iwe inasikiliza na sauti. Nina haraka kidogo.

Nukta Mkato: Mkuu, tatizo ni unavyoandika. Sentensi ziwe fupi, acha misemo na utani, taja nani kafanya nini. Ukishatafsiri, irudishe kwa Kiswahili uisome. Ikirudi imepinda, andika upya. Kama Kiingereza kinapanda, anzia huko. Kiswahili kwenda Kichina maana nyingi zinamwagika njiani.

Binti Nahodha: Mimi mtu aliniandikia 666 chini ya picha yangu, nikakemea na kumbloku. Kumbe kwao ni sifa, kama kusema "umetisha"! Alikuwa na sura nzuri pia, basi tu.

Chuma cha Reli: Sauti ya nini? Na haraka ya nini? Funguka.

Kaka Mdadisi: Jumamosi anataka tuongee kwa simu.

Chuma cha Reli: Si umwambie hujui Kichina, muweke programu katikati? Mbona rahisi.

Kaka Mdadisi: Hapo ndipo penye shida. Anajua nilisoma Guangzhou. Aliniuliza mbona naandika vizuri, nikaona nisimvunje moyo. Sio uongo wa kumuumiza mtu. Nimeshamwambia koo linaniuma, kwa hiyo nitaongea kidogo tu. Naomba sentensi chache za kukariri, nyingine nitakohoa.

Bi Mkubwa: Mwanangu, njia ya mwongo fupi. Leo koo, kesho masikio. Mwambie ukweli kabla ya Jumamosi, akikuacha umepona.

Nukta Mkato: Kukariri hakutakusaidia. Kimandarini kina toni nne. Silabi ileile, ukipandisha sauti pa kushusha, umetaja kitu kingine kabisa. Na akikujibu je? Utakohoa mpaka lini?

Kaka Mdadisi: Mbona wote mnanihukumu? Nimeomba programu.

Mpekuzi: Chai hii, tena haina sukari. Kitufe cha kutafsiri kipo mle mle tangu Januari 2025, Wamarekani wa TikTok walipohamia kwa fujo. Mtu wa mle angeanza kwa kukitaja. Halafu si wewe uliyeleta uzi wa kuagiza simu ukasema unaishi Guangzhou na maduka yote unayajua?

Chuma cha Reli: 😂😂 Nimevuta kiti.

Kaka Mdadisi: Kitufe nakijua, hakinisaidii kwenye simu. Na ule uzi akaunti alikuwa anaitumia mdogo wangu, ndiye yuko kule.

Binti Nahodha: Sasa si umpe huyo mdogo wako apokee Jumamosi?