Ndege za maji za Atlantiki: kwa nini Foynes?

mtoto_wa_lindi: Wakuu habari zenu. Marehemu babu alikuwa anatusimulia zile ndege za maji za Imperial Airways (shirika la ndege la Waingereza) zilivyokuwa zinatua Lindi enzi za ukoloni zikienda Durban, sasa nafuatilia upande wa kuvuka Atlantiki nakuta kila safari inatajwa Foynes, kijiji tu cha Ayalandi. Kwa nini huko jamani na siyo mji mkubwa?

rubani_wa_ndotoni: Mkuu shida ilikuwa mafuta. Foynes iko magharibi kabisa mwa Ulaya, kwenye mlango wa mto Shannon, na mbele yake kuna kisiwa kinachokinga mawimbi, kwa hiyo maji ni shwari unatua na kupaa bila kuhangaika. Kutoka hapo mpaka Botwood kule Newfoundland (wakati huo bado haijaingia Kanada) ni kama kilomita 3,200 na katikati hakuna pa kushuka, ni bahari tupu. Ungeanzia London ungekuwa unachoma mafuta bure kabla hata hujaiona Atlantiki.

kisumu_ziwani: Naongezea hapo. Julai 1937 walijaribu usiku mmoja pande zote mbili: Caledonia ya Imperial ikatoka Foynes, Clipper III ya Pan American ikatoka Botwood. Ya Wamarekani ilisukumwa na upepo ikafika mapema, Caledonia ikapigana nao usoni kama saa 15 hivi. Na Caledonia ni Short Empire, aina ileile iliyokuwa inapita kwetu Kisumu, halafu Mombasa, Dar na huko kwenu Lindi, ila hii waling'oa viti wakajaza matangi ya mafuta, haikubeba abiria hata mmoja. Abiria wa kulipa walianza 1939 na Boeing 314.

rubani_wa_ndotoni: Kweli kabisa, na baridi ikizidi Botwood inaganda barafu, safari zinahamia kusini kupitia Azores na Lisbon. 1945 Foynes ikafungwa, ndege za kutua nchi kavu zikachukua kazi. Zile Boeing 314 zilitengenezwa 12 na haijabaki hata moja, inauma sana, Foynes kwenyewe kwenye makumbusho wameunda mfano wake wa ukubwa uleule.

mtoto_wa_lindi: Asanteni sana wakuu. Babu alikuwa anasema wazungu walikuwa wanashuka Lindi wamenyooka, suti haina hata kunyanzi, kumbe Caledonia, ndugu wa ndege zilezile, ilivuka Atlantiki haina hata kiti!