Tupeane uzoefu: mstari uliousoma ukabaki na wewe

Wakuu, kuna maneno unayasoma mara mia yanapita, siku moja yanakushika. Leteni ya kwenu, na yaliwakuta wapi. Naanza mimi, wa Newala.

Zaburi 126: "Wapandao kwa machozi watavuna kwa kelele za furaha." Nilidhani ni ya kuwafariji wafiwa tu. Mwaka aliofariki baba, mama alibaki na shamba la korosho, ugonjwa wa ubwiriunga umeshaingia, maua yamefunikwa unga mweupe, na hela ya salfa, dawa yake, imeishia matangani. Akauza mbuzi wawili. Tukapulizia alfajiri, umande ungali kwenye majani ili salfa ishike, mama mashine mgongoni, machozi yanamtiririka, wala hasimami kuyafuta. Kumbe mpandaji hangoji amalize kulia! Oktoba tuliokota. Hazikuwa nyingi, ila ada yangu ilitoka.

Wa Lindi mjini:
Poleni sana kwa mzee. Mimi ni Sura ya Inshirah: "Hakika pamoja na uzito upo wepesi." Niliihifadhi chuoni nikiwa mdogo. Mwaka jana mke wangu alijifungua kabla ya miezi kutimia, tukalazwa siku kumi na moja, nikawa naisoma kimoyomoyo. Usiku wa tano nikakwama kwenye "pamoja na". Aya haikusema "baada ya". Basi wepesi uko hapahapa wodini, nikautafuta. Mama wa kitanda cha jirani, hatujuani kabisa, kila asubuhi alikuwa anammiminia mke wangu uji kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Aya imerudiwa mara mbili, na maulamaa wanasema uzito ni uleule mmoja, ila wepesi wa pili si ule wa kwanza. Wa kwanza kwangu ni ule uji. Mtoto sasa anatambaa, alhamdulillahi.

Wa Mikindani:
Kwetu kitabu kilikuwa msahafu tu, herufi hizi nimejifunzia kwenye kanga za mama. Moja iliandikwa "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Nilikuwa naunganisha silabi tu, maana sina. Biashara yangu ya samaki ilipoanguka, niliokuwa nakula nao wakaacha kupokea simu. Kaka yangu, tuliyenuniana miaka miwili kwa ajili ya kiwanja, akaja na pikipiki, gunia la makopa ya muhogo nyuma. Akalishusha mlangoni, akaomba maji ya kunywa.